Jina la ukoo la Kijerumani: namna ya kulifuata kutoka Marekani mpaka kijijini kwao

Kwa mama mkwe wangu hapa Pennsylvania, ukutani sebuleni, pana nembo yenye simba na mkasi na chini yake imeandikwa Snyder. Waliinunua kwenye maonyesho miaka mingi iliyopita na kila mgeni lazima aonyeshwe. Nilipoanza kuwatafutia wanangu upande wa baba yao nikajua kazi nusu imeisha, nembo ipo, jina lipo, kilichobaki ni kuandika jina kwenye intaneti nione wametoka mji gani. Haikuwa hivo kabisa. Nembo kule Ulaya alipewa mtu fulani na watoto wake, halikupewa jina, na Snyder ni Schneider iliyoandikwa kwa sikio la Kiingereza, maana yake mshona nguo, sasa kila kijiji kilikuwa na mshona nguo wake kwa hiyo akina Schneider wamejaa kila kona na wala si ndugu. Ni kama useme kina Juma wote wana babu mmoja.

Nimehangaika na hii kitu miaka minne na naandika kwa ajili ya wenzangu tuliooa na kuolewa huku, wenye watoto wanaoitwa Miller na Hoover na Yoder na Kline, na yeyote mwingine anayetaka kumsaidia rafiki. Kitu kimoja ukishike toka mwanzo: usitafute Ujerumani, tafuta kijiji. Nchi inayoitwa Ujerumani imeungana 1871 tu, kabla ya hapo kulikuwa na Prussia, Bavaria, Baden, Württemberg, Hesse na vinchi vingine vidogo vidogo, na rekodi za kuzaliwa na ndoa zilikuwa kanisani, kila usharika na kitabu chake. Hamna ofisi moja kubwa unaandika jina unapewa babu. Jina linakufikisha mlangoni, kijiji ndo kinafungua.

Hatua ya 1: Kaa kwanza upande huu wa bahari

Wengi wanarukia Ujerumani siku ya kwanza, na mimi nilifanya hivohivo, nikapoteza miezi. Anza na wazee walio hai. Usiwaulize majina tu, waulize walisali wapi, wamezikwa wapi, nani alikuwa wa mwisho kuongea Kijerumani nyumbani, Biblia ya zamani iko kwa nani, maana kwenye Biblia za familia waliandika vizazi na vifo kwenye kurasa za katikati. Huku Pennsylvania pia kuna karatasi za ubatizo walizokuwa wanazipamba kwa ndege na maua na maandishi ya rangi, zinaitwa Taufschein, watu wamezitundika kama picha tu bila kusoma, kumbe mule ndani kuna jina la baba, jina la mama na ukoo aliozaliwa, na jina la mchungaji.

Mama mkwe aliniambia "sisi ni Dutch" na mimi nikaenda kutafuta Uholanzi wiki nzima. Usifanye hivo. Pennsylvania Dutch ni Wajerumani na Waswisi, Waingereza wa zamani walitumia neno hilo kwa wote wa upande ule, na wenyewe walijiita Deitsch.

Afu rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke. Pennsylvania vyeti vya kifo vya jimbo vinaanza 1906, na cheti kina majina ya wazazi wa marehemu na walikozaliwa. Sensa ya Marekani ya 1850 ndo ya kwanza kuandika kila mtu huru wa kwenye nyumba kwa jina, ya 1880 inasema wazazi wa mtu walizaliwa wapi, ya 1900 inasema mwaka alioingia Marekani. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto Washington 1921. Kabla ya 1850 unategemea wosia, hati za ardhi, orodha za kodi na vitabu vya kanisa.

Kila kiungo kithibitishe. Kwa jina la kawaida kama letu hii ndo sehemu watu wanaingia kwenye ukoo wa wenyewe bila kujua. Kwenye kaunti moja nimekuta wanaume wanne wenye jina lilelile la kwanza na la ukoo, wa umri unaokaribiana, ilibidi niwatenganishe kwa jina la mke, kwa shamba lilipopakana, na kwa watu waliosaini wosia wao. Miti ya ukoo iliyopakiwa na watu wengine mtandaoni ichukue kama tetesi, ukiona hamna kitabu wala karatasi nyuma yake, endelea kutafuta mwenyewe.

Hatua ya 2: Liandike jina kwa namna zote linavyoweza kusikika

Chukua daftari uandike jina juu, afu chini yake maandishi yote unayoweza kufikiria. Watu wa zamani hawakuwa na "spelingi sahihi" ya jina, karani aliandika alichosikia, sisi wenyewe tunaona mtu mmoja ana Ramadhani kwenye cheti cha shule na Ramadhan kwenye paspoti. Schneider utamkuta Snider, Snyder, Snaider, Sneider. Jäger anakuwa Yeager, Müller anakuwa Miller, Klein anakuwa Kline au Cline, Huber anakuwa Hoover, Kreißler anakuwa Chrysler, yule mwenye magari, ukoo wake ulitoka Guntersblum kwenye mto Rhine. Rais Eisenhower ukoo wake ni Eisenhauer wa Karlsbrunn, Saarland, walifika 1741, na Rais Hoover ni kina Huber wa Ellerstadt, Pfalz (eneo la kusini magharibi mwa Ujerumani), walifika 1738. Wote hawa jina lilibadilika taratibu huku huku Amerika, kwa makarani na walimu na wenyewe.

Nalisema hili kwa sababu kila familia inakwambia "jina letu lilibadilishwa Ellis Island". Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, imefunguliwa 1892, na maofisa pale walikuwa wanasoma orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli bandarini walikotoka, hawakuwa wanabatiza watu upya. Kama ukoo wako ulifika miaka ya 1700 hiyo hadithi haiwezekani kabisa, kisiwa chenyewe hakikuwa na ofisi.

Sasa lahaja. Watu wa Pfalz na kusini magharibi hawatofautishi sana b na p, d na t, g na k, kwa hiyo Bender na Pender wanaweza kuwa watu walewale, na ukitafuta herufi moja tu unamkosa. Zile nukta mbili juu ya a, o na u zinapotea ama zinageuka, ö inakuwa e, ü inakuwa i, ndo maana Böhm wengine wamekuwa Beam. Jaribu na ch, ck, gh, h, zote. Kwenye tovuti nyingi ukiweka nyota badala ya herufi (Sn*der) inakuletea zote pamoja, ni msaada mkubwa.

Na kuna waliotafsiri kabisa. Zimmermann akawa Carpenter, Schmidt akawa Smith, Koch akawa Cook, Stein akawa Stone, Schwarz akawa Black, König akawa King. Ukimpata Carpenter katikati ya majirani ambao wote ni Wajerumani, na kanisa lake ni la Kijerumani, mshuku. Wengine walibadilisha wakati wa vita ya kwanza, Marekani ilipoingia vitani 1917 kuwa na jina la Kijerumani ilikuwa shida, hata familia ya kifalme ya Uingereza mwaka huohuo ilijiita Windsor. Waliobadilisha kisheria wana karatasi mahakamani kwenye kaunti yao, kaangalie.

Hatua ya 3: Sikiliza jina linasema nini

Hapa ndo panapendeza. Majina ya ukoo ya Kijerumani yako ya aina kama nne: kazi, mahali, jina la baba, na sifa ya mtu (Klein mdogo, Lang mrefu, Kraus mwenye nywele za kipilipili, Schwarz mweusi wa nywele). Ya kazi ndo mengi na ndo yenye faida kwako, kwa sababu kazi moja ilikuwa na majina tofauti kwa kila upande wa nchi, kama sisi tunavyotofautiana, huyu anasema hivi yule vile na unajua katoka wapi.

Mfinyanzi kusini anaitwa Hafner, mashariki Töpfer, kaskazini Pötter, na kwa watu wa Hesse na karibu na Rhine anaitwa Euler. Fundi wa mikokoteni na magurudumu kusini na katikati ni Wagner, kaskazini magharibi ni Rademacher, kaskazini ni Wegener, kaskazini mashariki ni Stellmacher. Mtengeneza mapipa ni Böttcher, au Büttner, au Küfer, au Fassbender ambayo imefupishwa ikawa Bender. Hata mshona nguo, kaskazini kwa lahaja yao ya kule anaitwa Schröder, kwa hiyo mimi kuwa na Schneider badala ya Schröder tayari kulinisogeza katikati na kusini, na kwenye ramani jina limejaa zaidi Saarland na Rhineland-Pfalz. Sio ushahidi, ni harufu tu, ila harufu ina msaada.

Mwisho wa jina nao unasema. Linaloishia -le (Häberle, Eberle) ni Swabia, kusini magharibi, -li mara nyingi Uswisi, -sen ni kaskazini kabisa karibu na Denmark, -ow na -itz ni mashariki ambako kulikuwa na Waslavi, -kamp na -brink na -horst ni Westphalia, kaskazini magharibi, na jirani zake.

Ya mahali yana mtego. Mtu anayeitwa Bayer (Mbavaria) au Schweizer (Mswisi) au Hess hakupewa jina hilo kwao. Unyamwezini hamna anayeitwa Mnyamwezi kwa kutofautishwa, ni akifika pwani ndo anaitwa hivo. Kwa hiyo Bayer alipewa jina alipokuwa amehamia kwingine, na hiyo ilitokea mamia ya miaka kabla ya meli, usiende Bavaria kumtafuta moja kwa moja.

Kwenye pwani ya kaskazini, Friesland, walikuwa wanafanya kama wengi wetu, jina la baba ndo linakuwa jina lako la mwisho, kila kizazi linabadilika, mpaka utawala wa Napoleon ulipowalazimisha 1811 kuchagua jina la kudumu. Ukifika huko usishangae mtoto na babu hawana jina moja. Na Westphalia kuna jambo lingine, jina lilikuwa la shamba, mwanaume akioa binti mwenye shamba anachukua jina la shamba. Kitabuni unakuta majina mawili na katikati neno genannt, yani "anayeitwa". Watoto wa mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kwa sababu hiyo.

Kwa ramani, ziko tovuti za bure zinazoonyesha jina limeenea wapi kufuatana na vitabu vya simu vya Ujerumani. Ni nzuri kwa majina adimu. Ila kumbuka baada ya 1945 mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa kutoka mashariki wakahamia magharibi, kwa hiyo ramani ya simu inaonyesha watu baada ya kuhama. Mimi napenda njia nyingine: chama cha watafuta koo cha Ujerumani, CompGen, kimeweka mtandaoni orodha za askari wa Ujerumani waliokufa, kujeruhiwa na kupotea vita ya kwanza, ni mamilioni ya majina na mengi yana mahali alipozaliwa. Andika jina lako mule uone vijiji vinavyojirudia. Jina adimu linaweza kukuangukia kwenye wilaya mbili tatu tu, hapo umepiga hatua kubwa.

Hatua ya 4: Kijiji kiko kwenye karatasi za Marekani

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaizunguka hii. Jina la kijiji mara nyingi liliandikwa mara moja tu, huku huku, na mtu aliyekuwa anajua Kijerumani. Sensa itakwambia "Germany" au "Prussia", ukibahatika "Baden". Karatasi za uraia za kabla ya Septemba 1906 nyingi zinasema tu anamkana mfalme fulani, baada ya hapo ndo fomu ikawa na mahali pa kuzaliwa. Ukiona "Darmstadt" usishangilie, wengi walimaanisha nchi ya Hessen-Darmstadt yote, siyo mji. Na wengine walitaja mji mkubwa wa karibu kama mtu wa Marangu anavyowaambia wageni katoka Moshi.

Nenda kanisani. Mimi nimelelewa usharikani, najua kitabu cha ubatizo na cha kipaimara kinavyotunzwa, na wale wachungaji wa Kijerumani walikuja na utaratibu huohuo. Kwenye kitabu cha mazishi mchungaji mara nyingi aliandika maisha ya marehemu kwa kifupi, alizaliwa kijiji gani, kipaimara lini, kaoa nani, kaacha watoto wangapi. Kwenye ndoa anaandika "kutoka" fulani. Kumbuka Pennsylvania Walutheri na Wakalvini wa Kijerumani walikuwa wanachangia jengo moja la kanisa, kila upande na kitabu chake, kwa hiyo tafuta vyote viwili hata kama familia inakwambia sisi ni Walutheri tangu enzi. Tena usitumie tafsiri ya Kiingereza peke yake, watafsiri wengi waliruka jina la kijiji kwa sababu hawakuweza kulisoma, omba kuona ukurasa wenyewe.

Baada ya hapo makaburi. Mawe ya zamani ya Kijerumani yanasema geboren, kazaliwa, na wakati mwingine mahali panafuata. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa limelala, herufi zilizofutika zinaonekana kwa kivuli, usilisugue jiwe wala kulimwagia kemikali. Kisha magazeti ya Kijerumani ya huku, taarifa za msiba zilikuwa ndefu na zilitaja kwao kwa sababu wasomaji walitoka hukohuko.

Na kama mtu wako hana chochote, achana naye kwa muda uwatafute majirani zake. Watu hawakuhama mmoja mmoja, walihama kwa makundi ya ndugu na kijiji, wakanunua ardhi pamoja, wakasimamiana kwenye ubatizo. Mimi nilikwama kwa mzee wetu wa kwanza miezi minane, jina lake limeandikwa mara sita na hamna hata mahali pamoja palipotajwa kwao. Nikaandika orodha ya wasimamizi wote wa ubatizo wa watoto wake, ukoo mmoja unajirudia mara tatu, nikawafuata hao. Mmoja wao kazikwa na kanisa la jirani na mchungaji kaandika kijiji cha Pfalz kwa ukamilifu. Nikafungua kitabu cha ubatizo cha kijiji kile, na Schneider wetu yumo, na wazazi wake, na dada zake wanne. Nililia pale mezani. Jina la kijiji siliandiki hapa maana bado wana ndugu walio hai kule.

Hatua ya 5: Meli

Hapa nitapita haraka kidogo. Waliofika miaka ya 1700 wengi walishuka mto Rhine mpaka Rotterdam, meli ikapitia Uingereza, ikaja Philadelphia. Kuanzia 1727 mpaka 1775 wanaume wa kigeni wa miaka 16 kwenda juu walitakiwa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza na orodha zipo, zimechapishwa. Kwa meli nyingi kuna orodha tatu, moja ya nahodha ambaye kaandika majina kwa Kiingereza chake, na mbili za viapo ambazo watu wamesaini wenyewe. Ziangalie hizo za saini, sio ya nahodha tu. Asiyejua kuandika kaweka alama na karani kamwandikia, lakini anayejua utaliona jina lake kama yeye mwenyewe alivyoliandika, na hapo ubishi wa spelingi unakwisha. Wanawake na watoto kwenye viapo hawamo, usidhani alikuja peke yake.

Waliokuja miaka ya 1800 wengi walipanda Bremen, Hamburg, Le Havre au Antwerp. Orodha za Hamburg za 1850 mpaka 1934 zimebaki na zinataja mtu alikokuwa anaishi, ni hazina. Za Bremen inauma, nyingi ziliharibiwa, kilichobaki hasa ni 1920 mpaka 1939. Aliyetoka Bremen itabidi umpate kwa upande wa New York au Baltimore. New York kabla ya Ellis Island walipokelewa Castle Garden, 1855 mpaka 1890.

Hatua ya 6: Hakikisha ni kijiji kipi

Umepata jina la kijiji, usikimbilie. Neustadt ziko nyingi sana, na jina umeandikiwa na karani aliyesikia tu. Kuna kamusi ya majina ya mahali ya Meyer ya 1912, iko mtandaoni bure (meyersgaz.org), inachukua Ujerumani yote ya wakati ule ikiwa ni pamoja na sehemu ambazo leo ni Poland, Ufaransa au Urusi. Inakwambia kijiji kiko wilaya gani, kama kina kanisa la Kiprotestanti au la Kikatoliki, na kama hakina tovuti inakuonyesha makanisa ya jirani. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote kwa sababu kijiji kidogo hakikuwa na kitabu chake, utakuta kwenye usharika au parokia ya jirani.

Hatua ya 7: Fungua vitabu

Tovuti ya FamilySearch ni bure, jisajili tu, ila baadhi ya picha zinafunguka ukiwa kwenye vituo vyao. Archion ina vitabu vya Waprotestanti, unalipia kwa mwezi, mimi nakusanya maswali kwanza afu nalipa mwezi mmoja nafanya kazi usiku na mchana. Matricula ina vya Wakatoliki wengi wa Ujerumani na Austria, bure. Vitabu vingi vinaanzia miaka ya 1500 mwishoni au 1600, na vita ya miaka 30, 1618 mpaka 1648, viliunguza vingi. Ofisi za serikali za vizazi na vifo zimeanza Prussia Oktoba 1874 na Ujerumani nzima Januari 1876, ila upande wa magharibi wa Rhine Wafaransa walizianzisha toka 1798, kwa hiyo mtu wa Pfalz ana bahati. Cha kuangalia tu, miaka ile tarehe ziko kwa kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa mpaka 1805, tafuta kikokotoo cha kubadilisha.

Maandishi ndo mlima. Yanaitwa Kurrent, e inafanana na n, s ndefu inafanana na f, na u imewekewa kialama cha kupinda juu. Ujerumani iliacha kuifundisha shuleni 1941. Usikate tamaa, jifunze kuandika kwanza, kila siku robo saa, andika majina ya watoto wako kwa Kurrent, mkono ukizoea jicho linafuata. Mimi ilinichukua miezi mitatu. Na ni elimu isiyopotea, mafaili ya utawala wa Mjerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam mengi ni mwandiko huohuo na wanaoweza kuyasoma nyumbani ni wachache.

Vitu vya kukukwamisha humo ndani: mwanamke jina lake la ukoo linaongezwa -in, kwa hiyo Schneiderin ni Schneider, itoe hiyo -in. Wavulana wote wa nyumba moja wanaweza kuitwa Johann, jina la pili ndo waliloitwa, Johann Georg ni Georg tu. Mtoto akifa, anayefuata anapewa jina lilelile, kwa hiyo ukipata ubatizo hakikisha hakufa akiwa mchanga. 7ber sio mwezi wa saba, ni Septemba, 8ber Oktoba, 9ber Novemba, Xber Desemba, kwa sababu ya hesabu ya Kilatini, na hapa watu wengi sana wanakosea. Nyota * ni kuzaliwa, msalaba † ni kifo, na alama ya pete mbili ni ndoa.

Kama ni Yoder, Stauffer au Hochstetler

Hawa wana safari ya ziada. Wamennonite na Waamishi wengi wa Lancaster asili yao ni Waanabaptisti (Wakristo wanaobatiza watu wazima tu) wa Uswisi, hasa Bern na Zürich, waliofukuzwa kwa ajili ya imani, kundi kubwa la Bern likatoka 1671, wakapokelewa Pfalz iliyobaki tupu baada ya vita, wakakaa vizazi viwili vitatu ndo wakaja Pennsylvania. Karatasi za huku zinasema Pfalz na ni kweli, ila ukiishia hapo umesimama njiani. Wamennonite waliofika Shirati, Mara, mwaka 1934 walitoka huku huku Lancaster, na wa kwanza wao Elam Stauffer ana jina la Bern, kwa hiyo hata watu wa Mara wamekutana na majina haya bila kujua yalikotoka.

Kwa Mswisi bahati yako ni kwamba uraia wa Uswisi unashikwa na kijiji cha asili, sio ulikozaliwa, na kipo kitabu cha majina ya ukoo ya Uswisi (Familiennamenbuch, bure mtandaoni) kinachoonyesha kila ukoo una uraia wa kijiji gani na tangu lini. Unaandika Stauffer unapewa vijiji. Waanabaptisti hawakubatiza watoto, kwa hiyo usitegemee ubatizo, tafuta orodha za kodi na za kufukuzwa.

DNA nayo watu wananiuliza. Inasaidia kuthibitisha matawi ukishakuwa na karatasi, hasa kipimo cha upande wa baba kinachofuata jina, ila haitakutajia kijiji.

Ukikwama kabisa andika barua pepe kwa hifadhi ya nyaraka ya kanisa ya eneo hilo au kwa Standesamt, ofisi ya vizazi na vifo. Andika kwa Kijerumani kifupi chenye heshima, swali moja tu, jina, mwaka wa karibu, dini, kijiji, na uulize gharama kabla. Kuzaliwa kunafunguliwa kwa wote baada ya miaka 110, ndoa 80, kifo 30, chini ya hapo uonyeshe wewe ni wa damu. Mimi nimeviweka tayari vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu, cha baba yao na cha babu yao kwenye bahasha moja, wakijibu tena nitaendelea nyuma zaidi ya 1680, na kule kuna Schneider mmoja ambaye kazi yake imeandikwa Wagner, fundi wa mikokoteni, naye ndo nashughulika naye mwezi huu.